Redwudi, mivinje na usumba: uchambuzi wa kisa cha kitalu kimoja Unguja

Karibu kila aliyepita kwenye kitalu hiki akaulizwa kwa nini miche ya redwudi inaungua na kufa alitoa jibu lile lile: joto. Mti wa California, mti wa ukungu na baridi, umeletwa Unguja ukakutana na kaskazi. Mtu ategemee nini? Jibu hilo lina ukweli wake, na nitaufikia. Lakini halielezi kwa nini ncha za majani ziliungua wakati wa kipupwe, miezi ambayo hata sisi wenyewe tunatafuta shuka usiku. Hapo ndipo kisa hiki kinapoanza kuwa na faida kwa mwenye kitalu yeyote, hata asiyekuwa na haja ya kuiona redwudi maishani mwake.

Kitalu chenyewe ni kidogo. Kiko kwenye mashamba ya magharibi ya Unguja, juu ya udongo wa kinongo, chini ya wavu wa kivuli. Kazi yake kubwa ni miche ya mikarafuu na mivinje, na pembeni pana meza ya majaribio ambapo wanafunzi hujifunza kuotesha mbegu ngumu na kuzidisha miti kwa vipandikizi. Mbegu za redwudi ziliingia kihalali, zikiwa na kibali na cheti cha afya ya mimea. Lengo lililoandikwa kwenye daftari lilikuwa kuona kama mti huu unaweza kuota na kuzidishwa kwenye joto la pwani yetu. Fikra ya kujaribu miti ya kigeni si ngeni hapa. Mkarafuu wenyewe uliletwa kutoka mbali mwanzoni mwa karne ya 19, na John Kirk, balozi wa Uingereza, alikuwa na bustani yake ya mimea ya kigeni pale Mbweni. Kwa hiyo sikubaliani na waliosema jaribio lilikuwa upuuzi tangu siku ya kwanza.

Tuanze na mti. Redwudi ya pwani, Sequoia sempervirens kwa jina la kitaalamu, ndiyo aina ya mti inayorefuka kuliko zote duniani. Ule unaoitwa Hyperion, uliogunduliwa mwaka 2006, umepita mita 115. Asili yake ni ukanda mwembamba wa pwani ya magharibi ya Marekani, kuanzia kusini kabisa mwa Oregon kushuka hadi chini ya Monterey, urefu wa kilomita 700 na ushei, na upana wake mara nyingi haufiki kilomita 60. Wastani wa joto la mwaka huko ni kati ya nyuzi 10 na 16. Mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi huwa kikavu, lakini bahari ya upande ule ni baridi na huleta ukungu unaoingia msituni na kudondoka kutoka kwenye matawi. Mtafiti Todd Dawson alipima msitu mmoja wa kaskazini mwa California, na katika matokeo aliyoyatoa mwaka 1998 takriban theluthi moja ya maji yote yaliyoingia msituni kwa mwaka yalitokana na ukungu huo. Majani yenyewe hunywa maji ya ukungu.

Ukilinganisha na Unguja, mvua si tatizo. Tunapata kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka, zaidi ya baadhi ya sehemu ambazo redwudi huota zenyewe. Unyevu wa hewani pia upo. Tusichokuwa nacho ni usiku wa baridi.

Hasara ya kwanza iliyoandikwa kwenye daftari haikuwa hasara. Mbegu ya redwudi ni ndogo, milimita 3 au 4, na nyingi huwa tupu ndani. Kuota chini ya moja katika kila tano ni jambo la kawaida hata huko kwao. Aliyeandika "mbegu mbovu" alikuwa anaipima redwudi kwa kipimo cha karafuu, ambayo ukiipanda ikiwa mbichi huota karibu yote. Hilo tuliache.

Hasara ya pili ilikuwa kinyausi, na kila mwenye kitalu anakijua. Mche umetoka, una vijani viwili, asubuhi unaukuta umelala, shingo yake imesinyaa pale inapogusana na udongo. Ni vimelea vya udongoni kama Pythium, Rhizoctonia na wenzao, na chanzo chake kilikuwa kumwagilia jioni, udongo ukalala umelowa usiku kucha kwenye joto. Walihamisha umwagiliaji uwe asubuhi, wakatandaza mchanga wa chenga juu ya udongo, na kinyausi kikapungua. Miche iliyosalimika ikahamishiwa kwenye viriba.

Ndani ya viriba ndiko kisa kilikojificha.

Mchanganyiko uliotumika ulikuwa na vumbi la usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, kwa wingi, kinongo kidogo na samadi iliyooza. Usumba ulichaguliwa kwa sababu nzuri: ni mwepesi, unashika maji, unapitisha hewa, na hauna gharama kubwa. Mchanganyiko huo huo ulikuwa umeshatumika kwa mivinje, na mivinje ilikuwa inapendeza. Baada ya muda redwudi zikaanza kuungua. Nilipoitwa kuziangalia, nilichukua mche mmoja nikautoa nje ya kivuli ili niuone vizuri. Majani ya redwudi ni madogo na bapa, yamejipanga pande mbili za kijiti. Ncha za majani ya chini zilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na baina ya sehemu iliyokauka na sehemu iliyo hai palikuwa na mpaka uliokatwa sawasawa. Majani ya juu, machanga, yalikuwa mazima. Upande uliotazama jua na upande uliotazama ukuta vilikuwa sawa.

Mpangilio huo unasema mengi. Jua likiunguza, huunguza upande unaolipata, na huanza juu. Ukosefu wa maji hulegeza vichomozo vichanga kwanza. Kitu kinachoanza kwenye ncha za majani yaliyozeeka na kupanda taratibu ni kitu kinachonywewa na mizizi, kikasafirishwa na maji hadi mwisho wa njia, maji yakapotea hewani, chenyewe kikabaki. Chumvi ina tabia hiyo.

Nilipolitaja neno chumvi, bibi anayesimamia kitalu, ambaye kila mtu humwita Bi Mkubwa, alinikatalia kwa upole.

"Mwanangu, mivinje imo humo humo kwenye usumba, na haina neno. Udongo ungekuwa na kasoro, si na yenyewe ingekufa?"

"Bi Mkubwa, mvinje kwao wapi?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Pwani."

Mvinje huota kwenye mchanga wa ufukweni na rasharasha za bahari zinaufikia kila siku. Kuutumia kuuliza kama udongo una chumvi ni sawa na kumuuliza mvuvi kama bahari ni mbali. Redwudi iko mwisho wa upande mwingine. Kule California kwenyewe, miji iliyoanza kumwagilia bustani kwa maji taka yaliyosafishwa, ambayo hubaki na chumvi kidogo, iliona redwudi zikigeuka rangi huku miti mingine iliyo kando yake ikiwa salama. Kwa hiyo hoja ya Bi Mkubwa ilikuwa nzuri na shahidi wake ndiye aliyekuwa na kasoro. Nadhani hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye vitalu vyetu: tunauthibitisha udongo kwa mmea unaovumilia kila kitu.

Chumvi ilitoka wapi? Anayejua usumba unavyotengenezwa hahitaji kuelezwa. Vijiji vya pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani na kwengineko, akina mama huyafukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani maji yakitoka, wakayawekea mawe juu, yakakaa humo miezi hadi yalainike. Baadaye hufukuliwa, yakapigwa kwa fimbo, nyuzi zikachambuliwa kwa ajili ya kamba, na vumbi likabaki. Vumbi hilo ndilo linalosombwa kuja vitaluni. Limeshalala baharini, na hata kumbi ambalo halijaingia baharini lina kiasi chake cha chumvi za asili, ndiyo maana viwanda vinavyouza vumbi la nazi kwa wakulima wa maua huliosha kwanza kwa maji yasiyo na chumvi.

Kulithibitisha hakukuhitaji maabara. Tulichukua konzi ya usumba, tukairoweka kwenye maji ya mvua, tukaichuja, na kuyapima maji yale kwa kipima chumvi cha mkononi. Maji ya mvua peke yake yalisoma karibu na sifuri. Yaliyotoka kwenye usumba yalipaa. Sikutaka kuishia hapo, maana kuwepo kwa chumvi hakuthibitishi kwamba chumvi ndiyo iliyounguza. Miche iliyobaki ikagawanywa kwenye meza hiyo hiyo, chini ya wavu huo huo: mingine ikaachwa kwenye usumba wake, mingine ikahamishiwa kwenye usumba uliorowekwa na kumwagwa maji mara kwa mara hadi kipimo kikashuka, na katika mara ya mwisho jasi kidogo ikatiwa ndani ya maji ili kuisukuma nje sodiamu iliyong'ang'ania. Shahidi wa redwudi akawa redwudi. Kwenye usumba uliooshwa, kuungua kukasimama pale kulipofika. Majani yaliyokwisha kufa hayakufufuka, ila mapya hayakuungua. Kwenye usumba wa zamani, kuliendelea kupanda juu.

Wangeishia hapo kungekuwa na sherehe, lakini majani mapya yaliyotoka salama yalianza kuwa manjano.

Hapa wengi walirudi kwenye joto kwa furaha. Mimi niliomba birika la ofisini. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe mgumu, ule unaoujua kila anayechemsha maji ya kisima Unguja. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji ya visima yanayopita humo huwa mazito: sabuni haitoi povu upesi na birika hujenga ukoko. Ukimwagilia mche kwa maji hayo kila siku, uchachu wa udongo hupungua taratibu, na madini ya chuma, hata kama yamo, hufungika kwa namna ambayo mizizi ya mti uliozoea udongo wenye uchachu haiwezi kuyachukua. Alama zake ni kinyume cha zile za chumvi: manjano huanza kwenye majani machanga, ya zamani yakibaki kijani. Ukizijua alama hizi mbili huhitaji kubahatisha. Walifunga mfereji kwenye bati la banda, wakaweka mapipa, na wakati wa mvua za mchoo redwudi zikawa zinanyweshwa maji ya mvua tu. Rangi ikarudi.

Sasa ndipo joto linapostahili kutajwa. Miche ilikuwa kijani, majani yana afya, mizizi myeupe. Ila haikurefuka. Kipupwe ilisogea kidogo, kaskazi ilipoingia ikasimama kabisa. Mti hujenga chakula mchana na hukitumia usiku na mchana kwa kupumua, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo matumizi yanavyopanda. Kule kwao usiku ni baridi na akiba inabaki, ikageuka mti. Hapa usiku wa Januari haushuki kiasi cha kuutuliza mti, hivyo kinachochumwa mchana karibu chote kinaliwa. Zaidi ya hapo, udongo wenye joto na unyevu ni makazi mazuri ya vimelea vya mizizi kama Phytophthora, na miche kadhaa ilikwenda kwa njia hiyo, ikanyauka yote kwa pamoja huku kiriba kikiwa na maji ya kutosha. Hakuna wavu wala usumba uliooshwa utakaobadili usiku wa Unguja. Lakini angalia tofauti: joto liliuzuia mti usikue, na ni sehemu ndogo tu ya vifo vilivyoandikwa kwa jina lake.

Kuzidisha

Sehemu hii ya jaribio ilizaliwa kwa bahati. Fundi wa kitalu alikuwa anakusanya viriba vya miche iliyokufa ili amwage udongo. Mche mmoja ulikuwa mkavu juu hadi chini. Alipouvuta haukung'oka kirahisi kama mti uliokufa. Akakwangua udongo kwa kidole. Chini kidogo ya usawa wa udongo, pale vilipokuwa vijani vya kwanza vya mche ulipoota, palikuwa na uvimbe mdogo mgumu, na kwenye uvimbe huo vichipukizi viwili vya kijani, vimesimama wima.

Redwudi ndivyo ilivyo. Tangu ingali mche mchanga huweka akiba ya macho ya kuchipua kwenye makwapa ya vijani vya kwanza, na baadaye akiba hiyo hukua ikawa nundu kwenye shina la chini. Mti ukiungua au ukikatwa, nundu hutoa machipukizi. Ndiyo sababu kwenye misitu yao hukutwa miti imesimama mduara kuzunguka mahali palipokuwa na mti mkubwa uliokwisha kuondoka. Miti ya jamii ya misonobari yenye uwezo huo ni michache.

Viriba vyote vya "maiti" vikarudishwa mezani, vikabadilishiwa udongo, na sehemu kubwa ikachipua. Machipukizi hayo ndiyo mali bora ya vipandikizi, kuliko chochote kingine kwenye mche. Wanafunzi walikata yenye urefu wa kidole, wakapaka unga wa homoni ya mizizi kwenye kikato, wakayachomeka kwenye mchanga wa chenga uliochanganywa na usumba uliooshwa, na kuyafunika kwa nailoni ili hewa ya ndani ibaki na unyevu. Yaliyochomekwa kipupwe yaliota mizizi vizuri. Yaliyochomekwa joto lilipopanda mengi yalioza kabla ya kuota.

Kikundi kingine cha wanafunzi kilikata ncha za matawi ya pembeni kwa sababu zilikuwa nyingi na rahisi kupata. Nazo ziliota mizizi, na kwenye ripoti zikaandikwa kuwa zimefaulu sawa na zile za machipukizi. Hapo sikubaliani. Kipandikizi cha tawi la pembeni kwenye mti huu hukumbuka kwamba kilikuwa tawi. Hulala, huenda ubavuni, kikajitandaza juu ya kiriba badala ya kupanda juu. Kinaweza kukaa hivyo muda mrefu sana, na kukifunga kwenye kijiti hakukifundishi kusimama. Kwa mti ambao sifa yake yote ni kwenda juu, kuhesabu mizizi peke yake ni kujidanganya. Ripoti inatakiwa iwe na safu ya pili: kimesimama au kimelala.

Jambo jingine ni umri. Kadiri mti mama unavyozeeka ndivyo vipandikizi vyake vinavyokataa mizizi. Wafaransa katika miaka ya 1970 walifika mbali kwenye hili kwa kuotesha vipande vidogo vya mti ndani ya chupa, wakavirudisha kwenye hali ya ujana kabla ya kuvizidisha. Sisi hatuna haja ya chupa. Inatosha kuukata mche mama chini, kwa kurudia, ili ubaki kichaka kinachotoa machipukizi ya chini kila wakati.

Uamuzi

Mapendekezo niliyoyatoa, na ambayo kitalu kimeyakubali, ni haya. Hakuna redwudi itakayopandwa ardhini Unguja. Zitabaki kwenye vyungu, zimekatwa fupi, kama miti mama ya kufundishia vipandikizi, kwa sababu kwa kazi hiyo zinafaa kweli: mwanafunzi anaona alama za chumvi, za upungufu wa chuma na za kipandikizi kilicholala kwenye meza moja. Anayetaka kuiona ikiwa mti, machipukizi yaliyokwisha kutoa mizizi yaombewe kibali cha kusafirishwa kwenda nyanda za juu za bara. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kule ni kitu kingine.

Niliongeza ombi langu mwenyewe ambalo bado linajadiliwa: nusu ya meza ipewe mipapindi. Mpapindi ni mti wa Pemba wa jamii ya minazi, kwa asili hauoti pengine popote duniani ila kisiwa kile, na msitu wa Ngezi ndio ngome yake. Kama tunao muda wa kuoshea usumba mti wa California, tunao wa kuotesha wa kwetu.

Usumba nao umewekewa utaratibu. Hauingii tena kwenye kiriba chochote isipokuwa cha mvinje kabla haujarowekwa na kupimwa, na kipimo kinaandikwa kwenye daftari pamoja na jina la kijiji ulikotoka. Akina mama wanaouleta wameulizwa kama wanaweza kuuacha lundoni mvua za masika ziuoshe kabla ya kusombwa. Wawili wamekubali, kwa bei ya juu kidogo, jambo ambalo ni haki yao.

Maji ya mvua ndiyo yatakayoamua mengine. Mapipa hayatoshi kuvuka kaskazi nzima, na Bi Mkubwa ameshapanga foleni: yakipungua, mikarafuu michanga kwanza, kisha mipapindi ikifika, na redwudi zinachukua kitakachobaki.